Nilisifiwa kwa Kutokula

Nilipokuwa nakufa, watu walinipongeza. Naanza na hilo kwa sababu wengi wanaosimulia ugonjwa wao huanza na shukrani, na mimi shukrani zangu ni chache, nitazitoa zamu yake ikifika. Kwanza nitoe hasira, ili nisije nikazisahau njiani.

Kocha alinisifu kwa wepesi wa mwili. Ustadhi wa madrasa alinisifu kwa kufunga. Mama yangu mzazi alinisifu kwa huruma, akiwaambia majirani kwamba Feza wake anakula kidogo ili wadogo zake washibe. Wote watatu walikuwa wakiutazama ugonjwa uleule, na hakuna aliyeniuliza kama naumwa.

Sisi ni watu wa Kindu. Baba alikuwa mchuuzi wa vitenge na chumvi, kwanza Kindu, baadaye Uvira, mpaka mambo ya Zaire yakaharibika tukavuka ziwa na kuteremka nchi kwa nchi hadi Dzaleka, kambi ya wakimbizi ya Malawi. Huo ulikuwa mwaka wa tisini na tano, nami nilikuwa na miaka kumi na minane. Kambi ilikuwa bado changa, majengo ya gereza la zamani lililokuwa pale yamesimama katikati, na sisi tumejenga pembeni kwa matofali ya udongo tuliyoyafyatua wenyewe.

Tangu shule nilikuwa mkimbiaji, mita elfu tatu. Kambini niliendelea kukimbia asubuhi barabara ya Dowa, suruali ndefu miguuni na kitambaa kichwani. Huko barabarani ndiko kocha aliponiona. Jina lake silitaji, hastahili kuandikwa. Alikuwa mtu wa Karonga aliyekulia Mbeya, kwa hiyo Kiswahili alikijua vizuri, nami nikafurahi kana kwamba nimeokota ndugu. Alifundisha timu ya wanariadha ya ghala moja la tumbaku huko Kanengo, maana makampuni ya mjini yalikuwa yakishindana na wakubwa wao wakipenda vikombe. Aliniahidi kwamba nikiingia kwenye timu nitapewa kazi ya kuchambua tumbaku na barua ya kuniruhusu kukaa mjini. Kwa mkimbizi hakuna ahadi kubwa kuliko hiyo. Baba alisoma dua jioni ile mpaka uji ukapoa.

Siku za kazi nililala Area 23, mtaa wa mjini, kwa Shangazi Mwavita, dada yake baba, aliyekuwa akishona na kuuza mashungi. Jumamosi nilirudi kambini kwa wazazi. Lakini Jumamosi asubuhi, kabla hatujaachiliwa, kocha alitupima.

Alitupima kwenye mizani ya marobota ya tumbaku. Ilikuwa imefukiwa sakafuni pale ghalani, bamba pana la chuma, na sindano yake kubwa iko ukutani kila mtu anaiona: wapakiaji, makarani, madereva wa malori. Tulipanda mmoja mmoja, viatu mkononi, na kocha akasoma kwa sauti. Wavulana aliwasomea akapita. Sisi wasichana alitusomea kisha akaongeza maneno. Siku yangu ya kwanza alisema mbele ya wote kwamba huko nyuma nimebeba robota la daraja la mwisho, halina mnunuzi. Wapakiaji walicheka mpaka wakashikana mabega. Nami nikacheka nao, nimesimama pekupeku juu ya chuma cha baridi, na kicheko changu hicho kinanichoma mpaka leo kuliko vyote vya kwao.

Basi nikaanza kupunguza chakula. Kwa wiki chache nilikimbia kasi kuliko nilivyowahi kukimbia, kocha akanipigapiga begani, sindano ikashuka, wapakiaji wakanyamaza. Hapo ndipo ugonjwa huu unapokudanganya. Mwanzoni unakupa kila ulichoomba.

Kufunga Jumatatu na Alhamisi ni sunna, na nyumbani kwetu hakuna anayeshangaa binti akifunga. Nikafunga Jumatatu na Alhamisi, kisha nikaongeza siku za katikati. Sitaki mtu anisingizie kwamba nasema dini ndiyo iliyoniumiza. Saumu haina kosa. Ila ilinifaa sana mimi niliyetaka kuachwa, kwa sababu mtu aliyefunga habembelezwi kula. Kwa shangazi nilisema nimefunga. Kambini nilisema nimekula kwa shangazi. Kati ya nyumba mbili zinazonipenda nikawa sili popote.

Na sifa zikaja. Ustadhi alinitaja kwenye darasa la wasichana, akawaambia wenzangu watazame jinsi binti wa mkimbizi anavyoishinda nafsi yake. Nafsi yangu ilikuwa imekaa mkekani ikitetemeka kwa baridi. Ulikuwa mwezi wa kumi, joto la Malawi liko kwenye ukali wake kabla ya mvua, watu wanalala nje, na mimi najifunika blanketi. Nywele zilibaki kwenye kitana kwa mafungu. Malaika, vinyweleo kama vya kichanga, yaliniota mikononi na mashavuni, laini, ya ajabu, nikayaficha kwa mikono mirefu. Kukaa kwenye benchi kuliuma kwa sababu hakukuwa na nyama ya kukalia. Kinywa kilinuka, nikawa natafuna karafuu. Na hasira, jamani. Shangazi akisema tu karibu chakula, moyo wangu uliwaka nikatamani kumrushia sahani. Yule mwanamke maskini alikuwa ananikaribisha tu.

Hedhi ilikatika kabla mvua hazijaanza. Sikumwambia mtu. Nilifurahi, naapa nilifurahi, nikaona nimepunguziwa usumbufu.

Ramadhani iliyofuata iliangukia mwezi wa kwanza, katikati ya mvua, kabla ya mavuno, wakati hata wenyeji wenye mashamba wanakula kwa kubana. Mgao wa kambi ulichelewa, na ghala lilikuwa limesimama likingoja mnada, kwa hiyo mwezi ule wote nilikuwa kambini. Ndipo nilipokamatwa, tena kwa jambo ambalo sikulifikiria kabisa.

Wanawake wa nyumba yetu wana utaratibu wao ambao hautajwi. Mwezi wa Ramadhani, aliye kwenye siku zake hafungi, lakini hali mbele ya watu. Anazunguka nyuma ya jiko penye ua wa matete, na huko mama amemwachia uji kwenye sufuria ndogo iliyofunikwa. Hakuna anayeuliza sufuria ni ya nani. Dada yangu mkubwa alikwenda nyuma ya jiko wiki ya kwanza, mama mwenyewe baada yake, na mke wa kaka mwishoni. Mimi mwezi mzima sikwenda. Nilidhani naficha kutokula kwangu vizuri kuliko wakati wowote, kumbe mwezi ule ndio mama anaowahesabu binti zake bila kufungua mdomo.

Siku ya pili ya Idi aliniita chumbani, na Shangazi Mwavita alikuwa ameshaitwa kutoka mjini. Wakafunga mlango. Mama hakunitazama mimi, alimtazama wifi yake.

"Nilikupatia mutoto muzima, Mwavita," alisema kwa Kiswahili chetu cha Kindu. "Leo unanirudishia tumbo."

Shangazi alijibu kwa ukali kwamba hajui mwanamume yeyote aliyefika kwake, na kwamba kama mimba ipo basi iko wapi, maana mtoto huyu hana hata tumbo la chakula. Wakabishana juu ya kichwa changu kama wauza samaki. Mwishowe shangazi akanivua blauzi ili amalize ubishi. Sikuwa nimejitazama siku nyingi, kwa hiyo nilijiona kwenye nyuso zao. Mama akanivika tena blauzi yangu, polepole, kifungo kwa kifungo, akasema ni minyoo.

Nilipelekwa zahanati moja upande wa Dowa, nikiwa nimebebwa kwenye baiskeli ya kukodi na mama akitembea kando. Benchi la kungojea lilijaa akina mama na watoto wenye utapiamlo, na mimi, msichana mzima, mbele ya foleni ile ya vichanga. Mganga msaidizi alipima mimba, hakuona. Nikajikaza, nikamwambia kwa Kifaransa changu na Kiingereza cha kuokoteza kwamba chakula nakiona nakiogopa. Alicheka. Hakucheka kwa ubaya, labda, lakini alicheka. Alisema ugonjwa wa kukataa chakula ni wa mabinti wa kizungu, wenye majokofu yaliyojaa. Mkimbizi hana ugonjwa huo, mkimbizi ana njaa, na dawa ya njaa anayo. Akaagiza nipewe mfuko wa unga wa soya.

Mama alibeba ule mfuko kichwani kwa furaha. Uji ukapikwa kila siku, mimi nikawapa wadogo zangu, wadogo zangu wakanenepa, na mama akawaambia majirani, mnaona roho ya Feza. Nilikuwa nimesema kwa mdomo wangu. Nikaapa sitasema tena.

Mashindano yalikuwa mwezi wa tatu. Kocha alijua nimekonda, alikuwa na sindano ukutani, alijua kuliko mama. Alisema sasa niko tayari. Kwenye mzunguko wa mwisho nilikuwa wa pili, mvua inanyunya, na mfupa wa mguu wa kushoto chini ya goti ukavunjika wenyewe. Sikujikwaa. Hakuna aliyenisukuma. Ulitoa mlio nikausikia kabla sijasikia maumivu. Kocha alinijia mbio, akaniuliza kama naweza kusimama. Nikamwambia siwezi. Basi akageuka, saa mkononi, kwa sababu msichana wake mwingine alikuwa anakaribia kumaliza. Nilimwona mgongo wake kutoka chini kwenye matope.

Katika hospitali kubwa mjini nililazwa mwisho wa wodi, mguu umefungwa plasta. Daktari alimwonyesha mama picha ya mfupa dirishani, shangazi akitafsiri kutoka Chichewa. Alisema huo ni mfupa wa ajuza, na haukuvunjwa na mbio, umevunjwa na njaa ya kujitakia. Alisema ni ugonjwa kabisa, amewahi kuuona kwa wanamichezo, una jina. Mguu utapona, alisema. Anachoogopa ni moyo, kwa sababu unapiga taratibu mno, na nisipoanza kula hautangoja plasta ikatwe.

Hizi sasa ndizo shukrani zangu. Hospitali za Malawi mgonjwa huja na mtu wa kumpikia, na walezi hao wana banda lao uani, mafiga yamepangwa, moshi mtindo mmoja. Mama alihamia humo. Wanawake wa humo hawakujua neno la Kiswahili, na mama Chichewa chake kiliishia kwenye zikomo, yaani asante, lakini walimgawia kuni na nafasi. Mmoja wa Salima, kando ya ziwa, mkubwa wa mwili na wa sauti, alikuwa akija wodini kunisugua nyayo kwa mafuta ya nazi zilipokuwa baridi. Hakuniambia nile. Alikuwa mtu wa kwanza kwa mwaka mzima kunigusa bila kunipima.

Watu hudhani ukishaambiwa utakufa, unakula. Hapana. Mama alileta nsima, ugali wa huko, na mchuzi wa maharage, nami nilitaka, machozi yalinitoka kwa kutaka, na mkono haukwenda. Tonge likiingia kinywani linageuka kitambaa. Nilimpa mgonjwa wa kitanda cha pili. Mama aliona sahani tupu, akahesabu mapigo ya mkono wangu kwa vidole vyake, akajua.

Kisha siku moja hakuja. Alikuja shangazi, amebeba sufuria, na macho mekundu. Mama alikuwa ameanguka uani karibu na moto, akaungua kiganja. Nikauliza ana nini. Shangazi alisita, halafu akaniambia: mama ameweka nadhiri. Amemwahidi Mungu kwamba atafunga kila siku mpaka mimi nimalize sahani moja nzima. Wiki zote zile alikuwa akinipikia kinywa kikavu.

Alipoletwa kwangu jioni, mkono umefungwa bandeji, nilimuuliza mwenyewe.

"Mama, unafunga ili mi nikule?"

"Njo vile nilimwambia Mungu."

Hapo nilipiga kelele, wodi nzima ikageuka. "Kufunga njo kuko kunaniua, na dawa yako ni kufunga? Mulinisifu. Ulibaambia bantu Feza iko na roho nzuri, anaachia batoto chakula. Haukuona naogopa chakula?"

Mama aliutazama mkono wake. Nilitaka akatae. Nilitaka aseme hakuona, nimsamehe, yaishe.

"Niliona," alisema. "Lakini chakula kilikuwa kidogo, na benye kulia kwa njaa ni wengi. Weye haukukuwa unalia."

Sijui nikuambie nini juu ya maneno hayo. Nimeyabeba miaka na hasira yake haijaisha, na bado kati ya wote waliokosea, ni yeye peke yake aliyeniambia kweli. Tulilia wote wawili, hatukushikana mikono.

Ustadhi alikuja kutuona wiki hiyo, amekunjamana uso kwa haya. Mama akamuuliza juu ya nadhiri. Alisema nadhiri inayodhuru inaachwa, na mtu analipa kafara: awalishe maskini kumi. Asiyeweza kulisha hufunga siku tatu. Halafu akatutazama, shangazi na bandeji ya mama na kitanda changu, akasema nyinyi ni wakimbizi, basi mtafanya zile siku tatu.

Nilimwambia hapana. Nilimwambia kwa adabu yote niliyobaki nayo, na haikuwa nyingi, kwamba katika nyumba hii hakuna mtu atakayefunga tena kwa ajili yangu hata saa moja. Shangazi akaniunga mkono. Alisema amechoshwa na ukoo huu unaotibu kila kitu kwa njaa, na akaenda Area 23, akarudi na unga na kifurushi cha usipa, dagaa wa ziwani, na nyanya za kutosha.

Maskini kumi walipatikana palepale bandani. Shangazi alipowaeleza kwa Chichewa wanaitiwa nini, walicheka, na yule mama wa Salima akasema umaskini wake unajulikana mpaka ziwani, apewe sahani mbili. Walinibeba na plasta yangu wakaniketisha kwenye gogo, mchana kweupe. Mama aligawa sahani kumi kwa mkono mzima. Kisha akapakua moja ya mwisho, yetu sisi wawili, akaiweka katikati.

Akaniambia nianze. Nikamwambia aanze yeye. Tulitazamana pale kwa muda mrefu, wanawake wamekwisha kula wanaosha vyombo, hakuna aliyetuharakisha. Mwishowe nikakata tonge, na yeye akakata, tukameza tukitazamana kwa macho makali. Nilikuwa nalia kwa hasira, si kwa toba. Nilikula upande wangu wote. Ilichukua mpaka moto ukazimika.

Usidhani sahani moja ilinitibu. Plasta ilikatwa mnada wa tumbaku ulipofunguliwa, na mguu uliotoka humo ulikuwa mwembamba, una magamba. Kambini tuliweka sheria, mimi na mama: sahani moja, watu wawili, hakuna anayeinuka kabla ya mwenzake. Kuna siku nilimwaga nyuma ya nyumba, akapika tena. Miguu ilivimba, uso ukavimba, nguo zikanibana, na kila kilichonirudia mwilini nilikichukia kwanza. Baba hakuweza kula nasi, alikuwa akitoka nje. Mavuno yalipoisha, watu wanapukuchua mahindi, hedhi ikarudi. Nilimwambia mama, naye akaenda nyuma ya jiko akakaa huko peke yake kitambo.

Kama wewe unayesoma unakimbia, au unacheza ngumi, au una kocha anayekusomea uzito wako mbele ya watu: huo si mchezo. Kama hedhi imekatika na unafurahi, wewe ni mgonjwa, hata kama unashinda. Kama ni mzazi, usimsifu mtoto asiyelia. Mfuate nyuma ya nyumba uone anachomwaga. Na mganga akikucheka, nenda kwa mwingine, na mwingine. Mimi niliacha baada ya wa kwanza, nikalipa kwa mfupa.

Kocha alikuja msimu wa baridi, amevaa koti, na pakiti ya sukari mkononi. Alikaa kwenye kigoda chetu akaulizia mguu. Mama alikuwa akimimina chai. Kocha alisema amesikia nimepona, akasema nafasi yangu bado ipo na ile barua ya mjini bado inawezekana, ila itabidi nipungue kidogo tu, alisema, si sana, akacheka akinitazama mashavuni.

Mama aliweka birika chini. Alifungua ile pakiti kwa meno, kiganja chake bado kina kovu, akaiweka mbele yangu na kijiko. Kisha akamwambia, kwa upole kabisa, "Huyu mutoto hapimwe tena, baba."

Nilitia kijiko cha kwanza nikimtazama kocha. Nikatia cha pili. Niliendelea kutia mpaka sukari ikakataa kuyeyuka, na yeye akawa anatazama kikombe, kisha akawa anatazama mlango. Nikakoroga. Nikanywa yote mpaka chini, moto vile vile, halafu nikamsogezea mama kikombe animiminie kingine.